Karani wa mwalo anauliza: furu ni samaki mmoja au mia tano?

Karani wa Mwalo:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mkusanya takwimu za samaki kwenye mwalo mmoja wa Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Kazi yenyewe si ya makuu. Mitumbwi ikiingia asubuhi nasimama na mizani na fomu, napima, naandika. Fomu ina safu ya sangara, ya sato, ya dagaa, ya furu, halafu kuna "wengineo", wanakoishia gogogo, kamongo, ningu akijitokeza kwa bahati, na yeyote niliyemwonea uvivu siku hiyo.

Kinachonisumbua ni hiyo safu ya furu. Mwaga ndoo ya furu kwenye turubai, hata mtoto ataona huyu si samaki mmoja. Kuna mwenye mdomo uliochongoka, kuna mwenye taya fupi nene la kuvunjia konokono. Kuna dume mwekundu mgongoni mwenye ubavu wa njano, kuna dume wa kijivu mwenye mapezi ya bluu. Majike ndio usiseme, wengi wana rangi ya tope na kuwatenga ni kazi. Wavuvi wetu wenyewe wana akili zao: furu wa kwenye mawe wanawaita mbipi na hawawachanganyi na wa maji mapana. Lakini mimi wote nawatupia mstari mmoja: furu, kilo 11. Mkoani wanajumlisha, wizarani wanajumlisha, mwisho wa mwaka tunaambiwa furu wameongezeka. Nani ameongezeka?

Basi nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba kabla sangara hajatawala ziwa hili, humu mlikuwa na spishi kama 500 za furu, karibu zote hazipo pengine popote duniani. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akajikalia kimya kwa muda, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliokuwa Mwanza tangu 1977, waliona furu wakiisha mbele ya macho yao, na wakakadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka.

Hiyo niliielewa. Samaki mkubwa kala samaki mdogo, hakuna falsafa hapo. Ila nikakutana na jingine: kwamba baadhi ya furu hawakuliwa na mtu, wameyeyukiana tu. Udongo na mbolea za mashambani pamoja na maji taka ya mijini viliingia ziwani, mwani ukazidi, mwanga ukafifia, majike wakashindwa kumjua dume mwekundu na dume wa bluu, wakapandana bila kuchagua. Watoto wakatoka na rangi za katikati. Spishi mbili zikawa moja na hakuna aliyezika.

Sasa swali. Kama kilichokuwa kinawatenga ni maji kuwa maangavu tu, walikuwa spishi mbili kweli, au ni mtu mwenye daftari aliyeamua wawe wawili? Sekondari tulifundishwa kwamba spishi ni viumbe wanaozaa pamoja watoto wenye uwezo wa kuzaa. Punda na farasi wanazaa, lakini mtoto wao ni tasa, basi wale ni wawili. Chotara wa furu hawa si tasa. Kwa kipimo hicho fomu yangu iko sawa na maprofesa ndio wamezidisha majina 499.

Siulizi kwa utani. Nataka kujua, ninapoandika "furu", nahesabu kitu au nahesabu jina?

Mzee wa Kijiweni:

Ndimu, chumvi, mafuta ya kutosha, kaanga wakauke. Spishi zote 500 zinashuka na ugali.

Mwana wa Zebedayo:

Ndugu karani, jibu liko Mwanzo sura ya kwanza. Mungu aliumba kila kiumbe kwa jinsi yake. Furu ni jinsi moja, rangi ni urembo tu. Hawa wataalamu kila wakiona rangi mpya wanaandika jina jipya wapate ruzuku.

Ticha wa Baiolojia, Bukoba:

Karani, umeuliza kitu ambacho watu wamebishana tangu kabla ya Darwin. Yeye mwenyewe, mwaka 1859, kwenye kitabu kinachohusu asili ya spishi, aliandika kwamba anaona neno hilo limewekwa kwa urahisi wa kazi tu, na mpaka kati ya spishi na aina ndogo hauko wazi. Kwa hiyo ukisema ni mambo ya daftari, una mtu mzito nyuma yako.

Ila naomba nitengeneze kidogo hiyo fasili ya sekondari, maana inaletwa darasani ikiwa imekatwa mkia. Mwenyewe ni Ernst Mayr, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi New Guinea, na aliiandika mwaka 1942. Hakuuliza kama viumbe *wanaweza* kuzaa ukiwafungia pamoja. Alizungumzia makundi yanayozaliana katika mazingira yao ya asili, na yaliyotengwa kiuzazi na makundi mengine. Simba na chui milia wakiwekwa banda moja huzaa, lakini hakuna anayesema ni mnyama mmoja. Kitabu cha shule kinakata hilo la mazingira kwa sababu ni gumu kulitungia swali la kuchagua herufi.

Sasa tuje kwa hao samaki wako wawili. Wa bluu anaitwa *Pundamilia pundamilia*, na wa mgongo mwekundu ni *Pundamilia nyererei*. Ndiyo, ni kwa heshima ya Mwalimu, alielezwa kitaalamu mwaka 1985. Hiyo *Pundamilia* ni kwa ajili ya michirizi yao. Kwenye tangi wanazaa pamoja na watoto wao ni wazima kabisa. Walichofanya watafiti, hasa Ole Seehausen na wenzake, ni kuwaweka majike mbele ya madume wa rangi zote mbili chini ya taa nyeupe. Kila jike akaelekea kwa dume wa kwao. Wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa peke yake ili wekundu na ubluu visionekane. Uchaguzi ukavurugika. Samaki ni wale wale na tangi ni lile lile, kilichobadilika ni taa.

Wakatoka maabara wakaenda visiwani. Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, wekundu na bluu wako mbalimbali: bluu juu juu, wekundu chini kidogo. Ukiingia ndani ya ghuba maji yanazidi kuwa mazito, na tofauti inapungua kisiwa hadi kisiwa, hadi Luanso, ambako hakuna makundi mawili tena. Na si rangi ya ngozi peke yake. Katika maji yetu haya, mwanga wa bluu humezwa mapema, unaoshuka chini ni mwekundu zaidi. Furu wa chini wana jeni ya jicho inayopokea wekundu vizuri kuliko ya wale wa juu. Jike wa chini anamwona dume mwekundu vizuri kwa sababu jicho lake limeundwa kwa mwanga wa kule anakoishi. Na ana sababu ya kuwa makini, kwani mayai atayabeba yeye mdomoni, na muda wote huo kula ni shida.

Ndiyo maana sikubaliani na la daftari. Mwondoe Mholanzi, mwondoe karani, choma daftari zote. Pale Makobe jike wa kundi la wekundu bado atampita dume wa bluu bila kumtazama. Mpaka upo, na anayeulinda ni samaki.

Ndugu Mwana wa Zebedayo, sikubishii imani yako. Hata Linnaeus, aliyetuachia mtindo wa majina mawili ya Kilatini, aliamini hivyo hivyo. Ila tope la chini ya ziwa linaonyesha kwamba Viktoria ilikauka na kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Wingi wa rangi na midomo anaouona karani kwenye turubai umetokea baada ya hapo, na vinasaba vinaonyesha chanzo chake ni mchanganyiko wa zamani wa koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Naili ya juu. Ukiniambia ni urembo, sawa, lakini urembo huo umewapa wengine taya la kuvunja konokono na wengine meno ya kukwangua mwani.

Karani wa Mwalo:

Ticha, nimekupata, na hiyo ya taa nimeisimulia hapa mwaloni, wamecheka sana. Mama mmoja muuza samaki kasema hata binadamu mambo ni hayo hayo, kuchagua mchumba gizani kuna hasara zake.

Lakini hujanimaliza. Umesema anayeulinda mpaka ni jike. Basi jike wa Luanso kashindwa kuulinda. Kwa hiyo spishi mbili zipo Makobe, Luanso hazipo, na visiwa vya katikati zipo nusu. Nusu ya spishi ndiyo nini? Kilo naweza kugawa. Hili la kuwepo nusu fomu yangu haina.

Binti Mnadani:

Nasoma falsafa Dodoma, baiolojia niliiacha kidato cha nne, Ticha atanisahihisha.

Karani, naona umefunga maswali mawili kwenye kamba moja. La kwanza: je, mpaka ni mkali? La pili: je, kitu chenyewe kipo? Unadhani la kwanza likijibiwa "hapana", la pili limeshajibiwa. Baba yangu ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Mnada wa kwetu hauna ukuta. Saa kumi na mbili asubuhi huwezi kusema umeanza au haujaanza, jioni huwezi kuonyesha dakika uliyokwisha, na mwaka wa ukame unaweza kuungana na wa kijiji cha jirani. Hakuna aliyewahi kumwambia baba mnada ni jina tu, kwa sababu pesa anairudisha nyumbani.

Kuna wanafalsafa wawili wa baiolojia wamelisukuma hili mbali. Michael Ghiselin mwaka 1974, kisha David Hull mwaka 1978, walisema tunakosea kuichukulia spishi kama tunavyochukulia dhahabu. Dhahabu ni dhahabu popote. Chembe yenye protoni 79, iwe Geita au kwenye nyota ya mbali, ni dhahabu, na wala haijali imetoka wapi. Spishi, wanasema, si aina ya kitu. Ni kitu kimoja kilichosambaa katika miili mingi: kimezaliwa mahali fulani, kinaishi, kinaweza kugawanyika, kinaweza kuungana, na kikifa kimekufa. Furu mmoja si mfano wa spishi yake, ni sehemu yake. Ukiitazama hivyo, nusu haishangazi. Kitu kinachozaliwa polepole kina wakati ambapo hakijamaliza kuzaliwa, na kinachokufa vivyo hivyo.

Sasa nikuongezee mzigo. Katikati ya Makobe na Luanso kuna visiwa vya Python. Hapo nako kuna wekundu na bluu, na kwa macho utasema ni wale wale wa Makobe. Mwaka 1997... samahani, mwaka 2017, ulitoka utafiti wa vinasaba vyao vyote (1997 ni ule wa maji machafu). Ukaonyesha kwamba wale wa Python hawakuhama wawili wawili kutoka Makobe. Koo zilichanganyika, kisha hapo hapo ndani ya ghuba zikagawanyika upya, wekundu chini, bluu juu. Kwa maneno mengine, umbo lile lile limezaliwa mara mbili.

Je, yule mwekundu wa Python ni *nyererei*? Ukifuata njia ya dhahabu, ni yeye: rangi ile ile, kina kile kile, kazi ile ile. Ukifuata Hull, si yeye. Anafanana naye tu, ana asili yake. Watafiti wenyewe wakaona wamwite "anayefanana na nyererei", nikaona wamemfuata Hull, wajue wasijue. Na hili lina uzito kwa kazi yako. Furu wa Makobe wakiisha kesho, usikubali mtu akwambie hakuna hasara, wapo wengine Python.

Ticha wa Baiolojia, Bukoba:

Sina cha kusahihisha kwenye samaki. Kwenye Hull ndipo tunaachana.

Kama kila spishi ni kitu cha pekee na historia yake tu, basi wekundu kuzaliwa mara mbili ni ajali mbili. Mimi naona hapo kuna sababu moja imefanya kazi mara mbili: mwanga unabadilika kadiri unavyoshuka, jicho linafuata mwanga, uchaguzi unafuata jicho. Na hili si la Mwanza peke yake. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa kila moja lina ukoo wake wa samaki wa jamii hii, wamekua mbalimbali, lakini utakuta midomo minene ile ile, wakwanguaji wa mwani wale wale, wala-samaki wenye umbo lile lile refu. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku, mwaka 1989 alidai kwamba historia ya uhai ikirudishwa mwanzo na kuachiwa tena haitatoa viumbe hawa tunaowajua. Mwenzake wa fani hiyo, Simon Conway Morris, akamjibu kwamba njia zilizo wazi ni chache, viumbe watazirudia. Ukinikalisha kwenye jiwe nitazame maziwa yetu matatu, nitasema wote wawili wana haki, ila Gould alituzidishia bahati nasibu.

Kwa hiyo nataka maneno mawili, si moja. Moja la ukoo wenye historia yake, na moja la kazi inayojirudia. Tukimfuata Hull mwanzo mwisho, la pili tunalipoteza, na bila hilo siwezi kufundisha mageuko, nitakuwa nafundisha orodha ya misiba.

Binti Mnadani:

Hilo la pili Hull hakulikataza, Ticha. Sema tu usiliite spishi.

Ticha wa Baiolojia, Bukoba:

Hapo tutakesha.

Nkejje wa Entebbe:

Nawasoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwetu Buganda hao hukaushwa, na wazee huwapa watoto wenye surua au waliodhoofika. Duka linauza kwa mafungu na hakuna anayeuliza ni yupi. Ila bibi yangu alikuwa anaweza kukataa fungu zima akisema "hawa siyo". Sikumuuliza alikuwa anatazama nini. Waliobaki wanaojua hivyo ni wachache, karani, wahoji wa kwenu mapema.

Afisa Uvuvi Mstaafu:

Vijana, falsafa yenu nimeifurahia, nami niongeze upande wa makaratasi, ndiko nilikozeekea.

Twiga alikuwa spishi moja kwenye vitabu vyote nilivyosoma. Mwaka 2016 watafiti wa vinasaba wakasema ni wanne. Mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likakubali wanne, na wetu ni twiga wa Kimasai. Siku ya tangazo hakuna twiga aliyebadilika hata doa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mmoja atahesabiwa peke yake, na kundi dogo haliwezi tena kujificha nyuma ya jumla kubwa. Jumla ikiwa nzuri, watu hulala. Ndicho kinachotokea kwenye safu yako ya furu.

Na tulishaumia. Ngege, yule sato wa asili wa ziwa hili, alipata jina la kitaalamu mwaka 1928. Sato huyu mnayemuuza leo aliletwa, akamnyang'anya nafasi na kuzaa naye. Leo ngege halisi wa kumtafuta yuko kwenye vijiziwa vya pembeni. Palipoandikwa "sato" tu bila kutenga, jumla haikuweza kuonyesha ngege anaondoka, kwa sababu kilo zilikuwepo.

Sasa kazi. Huwezi kutenga spishi mia kwa mizani na haraka ya asubuhi, usijaribu. Anza na kile ambacho wavuvi wako wanakijua tayari: mbipi mstari wake, furu wa maji mapana mstari wake. Andika mahali, kina, na kama ni mawe au tope. Chukua madume wachache, piga picha upande wa kushoto wakiwa hai au ndiyo kwanza wamekufa, kwa sababu rangi hupotea haraka. Kabla hujamweka kwenye formalini, kata kipande cha pezi ukiweke kwenye kichupa cha spiriti. Formalini inahifadhi umbo lakini inaharibu vinasaba, na hao wote wawili hapo juu, Hull na Mayr, watakudai vinasaba.

Karani wa Mwalo:

Mzee, shikamoo. Hiyo ya mistari miwili naianza, nachora mwenyewe kwa rula chini ya safu yao, wakijumlisha shauri yao. Na Binti Mnadani, nimekuelewa kwamba nahesabu sehemu za kitu. Bado nina ubishi na hiyo nusu, ila nitakuja nao nikishamaliza ripoti ya mwezi.

Swali la mwisho, mzee: kipande cha pezi kiasi gani, na pezi lipi? Hawa wenyewe ni wadogo, mwingine hazidi kidole changu.

Afisa Uvuvi Mstaafu:

Marahaba. Pezi la kifuani, la kulia, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho kinatosha. Kila mara kulia, la kushoto libaki zima kwa picha na vipimo. Namba ya kichupa iandike kwa penseli kwenye karatasi, uiingize ndani ya kichupa. Wino wa kalamu unafutwa na spiriti.